Kabla ya Hoteli, Chagua Maji: Kumfuata Nduaro Kusini mwa Kwale

Tangu zamani mashua za Wapemba huvuka bahari na kutia nanga Shimoni, Mkwiro na Vanga. Wanaume hushuka na mishipi, magunia ya mchele na vyungu vyao, wakajenga vibanda vya makuti na kukaa hapo miezi kadhaa. Kambi hiyo huitwa dago, na wenyewe huitwa wavuvi wa dago. Kabla ya kupiga dago mahali, mvuvi hujiuliza maswali machache tu: upepo uko upande gani, maji yanakwendaje, maji ya kunywa yako wapi, na nani atampokea. Mahali pazuri pa kulala hapamo katika maswali hayo.

Nimeanza na dago kwa sababu mtu anayefunga safari kutoka Nairobi, Mombasa au Ulaya kuja pwani ya kusini kumtafuta samaki mkubwa wa maisha yake anafanya kazi ileile ya kuchagua dago. Wengi huianza kinyume. Huchagua hoteli Diani, kisha likizo, kisha boti iliyo karibu na hoteli, na mwisho kabisa ndipo wanapouliza kama kuna samaki. Hapo jibu limeshaamuliwa na mambo yote waliyoyapanga kabla ya kuuliza.

Tuanze mbali kidogo. Katika nchi za kaskazini, Kanada hasa, kuna samaki wa maji baridi anayeitwa pike, mrefu kama gogo, mdomo bapa kama wa bata na meno kama misumari. Wanaompenda hupanda ndege ndogo zinazotua juu ya maji, wakapelekwa kwenye maziwa yasiyo na barabara. Ukiwauliza kwa nini hawavui ziwa lililo karibu na mji, hawatakuambia kwamba pike hayumo. Yumo, ila ni mdogo. Katika maji ya baridi samaki hukua polepole, na yule mkubwa ni jike aliyeishi miaka mingi bila kunaswa. Palipo na barabara pana ndoana nyingi, na palipo na ndoana nyingi wakongwe huondoka kwanza. Kwa hiyo safari ile ndefu ni njia ya kuufikia umri wa samaki.

Hesabu hiyo inatuhusu moja kwa moja. Nduaro mkubwa naye ni jike. Dume la nduaro wa buluu ni nadra kupita kilo 160, ilhali jike laweza kupita kilo 500. Nduaro mzito kuliko wote aliyewahi kuandikishwa rasmi kwa kuvuliwa kwa fimbo ni nduaro mweusi wa kilo 707, aliyenaswa Cabo Blanco nchini Peru mwaka 1953, na hadi leo rekodi hiyo haijavunjwa. Anayesema anataka samaki wa kujivunia anasema, hata kama hajui, kwamba anamtaka jike aliyekomaa.

Sasa, je, Kwale ni mbali? Kwa barabara, hapana. Kutoka Mombasa hadi Shimoni ni safari ya kama kilomita 75. Utavuka kwa feri ya Likoni au utapita Dongo Kundu, kisha utaiacha Diani, utaiacha Msambweni, utavuka mto Ramisi na kukata kushoto hadi lami iishie baharini. Hakuna haja ya ndege ya kutua majini. Umbali wa pwani hii uko upande mwingine, yaani chini. Mtu akiniuliza Kwale pana nini ambacho hakipatikani kwingine, namwambia atazame kina.

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina ukingo mwembamba wa maji mafupi, kilomita chache tu, kisha sakafu ya bahari huporomoka. Kusini mwa Kwale mporomoko huo hukutana na jambo la pekee: kisiwa cha Pemba. Unguja na Mafia zimekaa juu ya kitako kimoja na bara. Kati ya Unguja na Bagamoyo bahari haina kina kikubwa, na zama za barafu, maji ya dunia yaliposhuka, pale palikuwa nchi kavu. Pemba sivyo. Kati yake na bara kuna bonde la chini ya bahari ambalo kina chake hufika karibu mita 800, na Pemba imetengana na bara kwa muda mrefu mno. Ncha ya kaskazini ya bonde hilo hufungukia mbele ya Shimoni na Wasini. Ndiyo maana boti inayotoka Shimoni asubuhi inaweza kuwa juu ya maji ya samaki wa bahari kuu kabla jua halijapanda sana, na bado nahodha akiona vilima vya bara nyuma yake.

Lakini kina peke yake hakileti samaki. Bahari kuu karibu yote ni jangwa. Maji ya buluu safi ni maji yenye chakula kidogo. Kinacholeta samaki ni kina kinapokutana na mwendo. Kando ya pwani yetu unapita mkondo mkubwa unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo huelekea upande mmoja na kasi ya mkondo huweza kufika noti 4, kasi ambayo mashua yenye tanga bovu haiwezi kushindana nayo. Mkondo huo ukiingia kati ya Pemba na bara hubanwa. Ukigonga kingo, miinuko na kuta za chini ya maji huzunguka na kupanda, ukavuta juu maji ya baridi yenye rutuba. Palipo na rutuba huja viumbe vidogo, kisha simu na vibua, kisha sehewa na jodari. Nduaro hufuata sehewa kama chui afuatavyo swala. Anayevua bila kuujua mlolongo huu huona uso mmoja wa maji ulio sawa pande zote. Anayeujua huona mstari ambapo maji ya rangi mbili yanakutana, huona mwani na vijiti vilivyokusanywa na mkondo, huona ndege wanaopiga mbizi, na hapo ndipo anapopitisha chambo.

Kaskazi inaposhika, kuanzia mwishoni mwa mwaka, upepo hugeuka na kuukabili mkondo, na kasi ya mkondo hupungua. Huko juu, upande wa Lamu na Malindi, mkondo wetu hukutana na ule wa Somalia unaoteremka kusini wakati huo, na mkutano wao huchangia kuipa Watamu na Malindi msimu wao mzuri. Kwa hiyo pwani moja ina bahari mbili kwa mwaka, na mtu hachagui mahali tu. Anachagua mahali na mwezi kwa pamoja. Shimoni ya Mei na Shimoni ya Februari zinafanana jina tu.

Nieleze majina kabla sijaendelea, maana pwani tunayatumia kwa upana. Nduaro ni jina la samaki kadhaa wenye mdomo mrefu uliochongoka. Yupo mweusi, mzito na mwenye mapezi ya ubavuni yasiyokunjika. Yupo wa buluu, mpenda maji marefu. Yupo wa milia, mdogo wao, lakini mwepesi wa kuruka kuliko wenzake. Wengine humwita nduaro hata yule mwenye upanga mpana na bapa, ambaye mchana hushuka vilindini mamia ya mita na usiku hupanda karibu na uso wa bahari. Huyo huvuliwa usiku, kwa taa na ngisi, na ana kiungo cha kupasha joto macho na ubongo wake ili aone vizuri kwenye baridi ya huko chini. Kisha yupo sulisuli, mwenye pezi la mgongoni kama tanga, ambaye hukua upesi na ndiye anayewapa wageni wengi furaha ya kwanza. Maji machache duniani huwakusanya wote hawa mahali pamoja, na maji ya Kenya yamo kati yake.

Miezi, basi. Kuanzia Aprili hadi Julai kuna mvua za masika na kusi kali, na boti nyingi za uvuvi wa starehe hupandishwa nchi kavu kutengenezwa. Ukiuziwa safari ya kumtafuta nduaro katikati ya Juni kwa bei nafuu, unafuu huo una sababu yake. Agosti kusi huanza kulegea, na hadi Oktoba jodari hupita kwa makundi. Miezi hiyo hiyo nyangumi wenye nundu nao wako kwenye maji yetu, na mtu aliyekosa samaki haondoki mikono mitupu. Novemba na Desemba ni miezi ya sulisuli, hasa upande wa Watamu na Malindi. Januari hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na maji yamepata joto, ndiyo miezi ninayoipenda kwa nduaro wa mkondo wa Pemba. Kama una wiki moja tu kwa mwaka, iweke Februari.

Na ndani ya mwezi kuna mwezi mwingine, ule wa angani. Bamvua na maji mafu si habari ya wachokoa pweza pekee. Diani ina mwamba uliokaa mbele ya ufuo kama ukuta, na boti hutoka kupitia milango yake. Maji yakitoka sana, milango mingine huwa ya hatari au haipitiki, na saa ya kuondoka haichagui mteja bali maji. Shimoni haina shida hiyo. Mfereji kati ya bara na kisiwa cha Wasini una kina cha kutosha na umekingwa na kisiwa, hivyo boti hutoka alfajiri maji yawe yamejaa au yametoka. Jambo hili dogo hunipa sababu kubwa ya kuiweka Shimoni mbele ya Diani kwa anayemtaka nduaro na si matembezi.

Sisemi Diani haifai. Kwa familia yenye watoto, kwa mtu mwenye nusu siku, kwa anayetaka nguru, kolekole, faulusi au sehewa wa kuchoma jioni, Diani inatosha na kuzidi, na sulisuli hupita hapo msimu ukifika. Msambweni na Funzi zina sifa nyingine: ghuba, mikoko, mdomo wa mto Ramisi, na uvuvi mwepesi wa kurusha ndoana kando ya mikoko ukiwa ndani ya boti ndogo. Nawasifu wanaouchagua. Mikoko hiyo, kama ile ya Gazi inayotunzwa na wanakijiji tangu 2013 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, hulea samaki wadogo wengi wa pwani hii. Ila hapo si mahali pa nduaro, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia boti aliyonayo.

Watamu je? Kwa wingi wa sulisuli, na kwa uvuvi wa usiku wa yule mwenye upanga bapa, nitaitaja Watamu kwanza bila kusita. Mbali zaidi, upande wa Tanzania, kuna Fungu Mbaraka, kisiwa kitupu cha matumbawe baharini kusini-mashariki mwa Unguja, makao ya ndege tu. Samaki wake wakubwa wanajulikana, lakini ni safari ya kulala majini, na hali ya hewa ikigeuka hakuna pa kukimbilia. Wanaotaka maji baridi wana sangara wa Rubondo katika Ziwa Viktoria, au wale wa chini ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Nayataja haya yote kwa sababu kuchagua ni kulinganisha. Shimoni hunishinda moyo kwa jambo moja: ndipo mahali ambapo maji marefu, bandari iliyokingwa na ukimya vimekaa pamoja, na gharama ya kufika ni ndogo.

Ukimya huo si wa jana. Februari 1954 mwandishi Ernest Hemingway alifika kwenye kambi ya uvuvi Shimoni, akiwa bado na majeraha ya ajali mbili za ndege alizozipata Uganda mwezi mmoja kabla. Akiwa kambini moto wa msituni ukazuka, akajaribu kusaidia kuuzima, ukamwunguza vibaya. Mwaka uleule alipewa Tuzo ya Nobel. Klabu ya uvuvi iliyokuja kuitwa Pemba Channel ndiyo iliyolieneza jina la Shimoni kwa wavuvi wa starehe duniani. Wenyeji wa Wasini na Mkwiro, kwa upande wao, walikuwa wakivua maji hayo karne nyingi kabla ya klabu yoyote.

Ndiyo maana swali la nani atakupokea lina uzito kuliko picha za boti. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Nenda bandarini siku moja kabla, amkia wazee kwa shikamoo, keti. Usianze na "Kuna samaki?" kwa sababu jibu ni ndiyo kila siku ya Mungu. Uliza, "Mzee, wiki hii maji yanakwendaje?" Nahodha wa kweli atakuonyesha kwa mkono mkondo unavyokwenda, atakutajia siku ambazo hakupata kitu, na atakuambia mwezi ukiwa hivi yeye huenda upande gani. Asiyewahi kurudi mikono mitupu mwache aende na mwingine. Kisha tazama boti: makoti ya kujiokolea ni mangapi na yako wapi, kuna redio, injini ni moja au mbili, na nani nchi kavu anajua mnarudi saa ngapi. Maji yanayobeba nduaro ndiyo yanayobeba boti iliyozima injini kuelekea kaskazini.

Mimi mwenyewe nililipia uzembe wa kutouliza. Tulikwenda watu wanne, Mei, kwa sababu ndipo likizo zetu zilipokutana. Saa mbili nje ya mwamba wote tulikuwa tumelala chini ya boti tumechafukwa roho, na nahodha, kijana mwenye adabu, aliendelea kutuuliza kama turudi. Tulirudi. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumechagua tarehe, hatukuchagua bahari.

Kuna mipaka ya kuheshimu. Kati ya Shimoni na maji marefu iko Hifadhi ya Bahari ya Kisite, iliyotangazwa 1978 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ndani yake hakuvuliwi kabisa; katika Mpunguti iliyo jirani huruhusiwa uvuvi wa asili tu. Boti hukunja mishipi yake hapo, na nahodha anayekuambia "tupitishe kidogo tu, hakuna anayeona" anaiba kwa niaba yako. Kwa upande mwingine, mkondo wa Pemba ni wa nchi mbili. Samaki havuki kwa pasipoti, lakini boti ya Kenya isiyo na idhini haina ruhusa ya kumfuata ndani ya maji ya Tanzania. Na uvuvi wa starehe unahitaji leseni chini ya sheria ya uvuvi ya 2016. Iombe mapema, na ujitambulishe pia kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, maana hao ndio wenye bandari.

Limebaki la samaki mwenyewe. Tathmini za kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, zinaonyesha kwamba nduaro wa milia amevuliwa kupita kiasi katika bahari hii yote. Mzigo mkubwa wa lawama hauko kwa mwenye fimbo moja, uko kwa meli za mishipi mirefu na nyavu za kuelea zinazofanya kazi usiku na mchana. Hata hivyo nashikilia kwamba nduaro wa starehe arudishwe majini. Jike yule tuliyemtafuta kwa ajili ya ukubwa wake ndiye mwenye mayai mengi kuliko wote. Kumpandisha nchi kavu ili apigwe picha akining'inia ni kula mavuno pamoja na mbegu. Najua jibu la upande wa pili, na nalisikiliza: mvuvi wa Mkwiro aliyenasa nduaro kwa mshipi wa mkono ana watoto wa kulisha, nyama ile ina soko, na hakuna haki ya mgeni kumkataza. Sawa. Yeye anavua riziki. Mimi na wewe tumelipa ili tuvue furaha, na furaha haihitaji mzoga.

Kumrudisha kuna ufundi wake, na ufundi huo ni sehemu ya kuchagua boti. Ndoana iwe ya mviringo, inayokamata pembe ya mdomo badala ya kumezwa tumboni. Mshipi uwe mzito wa kutosha, kwa sababu samaki aliyepiganishwa kwa saa nyingi huachiliwa akiwa karibu kufa. Asitolewe majini. Baharia mmoja hushika upanga kwa glavu, mwingine humdunga lebo ndogo yenye nambari begani, na boti huenda polepole ili maji yapite mashavuni mwake mpaka apige mkia mwenyewe. Nambari ile huandikwa kwenye kadi pamoja na mahali, tarehe na makadirio ya uzito, na kadi hupelekwa kwa African Billfish Foundation kule Watamu, ambao wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za samaki hawa kwa zaidi ya miaka 30. Akinaswa tena, iwe Lamu, Oman au kwingineko, njia yake inajulikana.

Kwa hiyo unapozungumza na nahodha wako Shimoni, mkiisha kukubaliana mwezi na bei, muulize kama kadi ziko botini. Akifungua kisanduku akakutolea pakiti iliyofungwa kwa plastiki isipate chumvi, kadi chache za juu zimeshajazwa kwa kalamu, lipa arbuni.